Matao ya Nyumba ya Mama

Ninafundisha historia ya mitindo ya majengo na mapambo kwa vijana wanaotaka kuwa wapambaji wa nyumba. Ninawaeleza nguzo za Wagiriki, matao ya Warumi, makanisa ya Ulaya yenye madirisha yaliyochongoka, milango ya nakshi ya Zanzibar. Wanaandika. Kila mwaka hakosekani mmoja wa kuuliza, "Mwalimu, na Ujamaa ulikuwa na mtindo gani?" Ninamjibu kwamba mtindo wa Ujamaa ulikuwa mstari. Darasa zima linacheka, wakidhani mwalimu leo kaamka vizuri. Mimi sicheki. Nimeishi kwenye huo mstari, na ninajua ulijengwa kwa matofali ya nani.

Kwetu ni Ufipa, upande wa Mwazye, kwenye uwanda wa juu ambako upepo wa mwezi wa sita unakata masikio na mti wa kuni unautafuta kutwa. Baba yangu alikuwa mwashi. Kazi alifundishwa misheni akiwa kijana, na alichokipenda kuliko vyote katika kazi hiyo ni tao. Mlango wa kawaida unawekewa gogo au ubao juu, ukuta unaendelea. Tao halina gogo. Unatengeneza kwanza kiunzi cha mbao chenye mgongo wa duara, unapanga matofali juu yake kutoka kulia na kushoto, na la mwisho linakaa katikati, pale juu kabisa, likibanwa na wenzake. Udongo ukikauka unaondoa kiunzi, na matofali yanabaki yameshikana yenyewe hewani. Baba aliwajengea mapadri matao, akawajengea wafanyabiashara wa mjini Sumbawanga, akajenga hadi Matai. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa ya miti na udongo, na imeinamia upande wa jikoni.

Mama hakuwa mtu wa kunung'unika chinichini. Alikuwa anasema mbele ya wageni. "Karibuni, piteni upande huu, huko mtagonga kichwa. Hii ndiyo nyumba ya fundi." Baba anacheka pamoja na wageni, na kesho yake anaondoka tena kwenda kujenga kwa watu.

Nyumba ya mama ilikuja nikiwa madarasa ya chini shuleni. Nasema ya mama kwa sababu matofali aliyafyatua yeye. Baba alichonga kibao cha kufyatulia, akaonyesha udongo wa bondeni wa kuchanganya, kisha akaitwa kazini Sumbawanga. Mama akavuna ulezi, akaweka ghalani, akashuka bondeni. Alikuwa anafyatua huku mgongoni ana mtoto. Kuni za kuchomea alizifuata mteremkoni, mwendo wa kutoka asubuhi na kurudi jua limepinda, kwa sababu kwetu juu hapakuwa na miti ya kutosha tanuri. Mikono yake ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena. Baba aliporudi alikuta tanuri limepoa na matofali mekundu yamepangwa kama ya misheni. Hapo hakuwa na pa kukimbilia, ikabidi ajenge.

Nikiwa mkweli, alijenga vizuri. Barazani aliweka matao matatu, la kati kubwa na ya pembeni madogo, vilevile alivyofundishwa misheni. Sebuleni aliacha vishubaka ukutani, hivi ambavyo watu wa pwani wanaviita zidaka. Aliviona mjini kwenye nyumba ya familia moja ya Waislamu wenye duka na malori, wao waliweka humo vikombe na vitabu vya dini. Kwetu Bikira Maria akakaa kwenye kishubaka hicho cha Kiislamu, jirani yake birika la chai, na hakuna aliyelalamika. Kuta za ndani zilikuwa kazi ya mama. Chini alipaka mkanda wa udongo mwekundu, juu udongo mweupe wa mtoni, na katikati akapitisha mstari mweusi wa masizi kwa kidole chake, bila kamba wala kipimo. Kila mwaka baada ya mavuno alipaka upya. Leo mwanafunzi akiniletea mchoro wenye tao la Kirumi, kishubaka cha pwani na ukuta wa Kifipa nitamwambia amechanganya madawa. Lakini mimi nililala ndani ya mchanganyiko huo na sijawahi kuingia nyumba iliyotulia kama ile.

Waashi wa upande wetu walikuwa na desturi yao. Siku ya kuondoa kiunzi, aliyelijenga tao anasimama chini yake peke yake, wasaidizi wanavuta mbao, na mkewe anamletea kibuyu cha pombe ya ulezi palepale chini ya tao. Anakunywa mpaka kibuyu kiishe, ndipo anatoka. Maana yake haikuhitaji kuelezwa: kama kazi yangu ni mbovu, iniangukie mimi kwanza, na mke wangu anaijua kazi yangu. Nakumbuka mama akimpelekea baba kibuyu chini ya tao la kati la baraza letu. Alivaa gauni la kanisani. Baba akanywa taratibu makusudi, akimwangalia, na mama akasema, "Maliza bwana, nina kazi." Kijiji kizima kilicheka.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji vya Ujamaa. Tuliambiwa tuhamie vijijini tuishi pamoja. Hili ndilo linalonichoma hadi leo, maana Wafipa tulikuwa tunaishi vijijini tangu enzi za mababu. Nyumba zetu zilikuwa zimesogeleana kiasi kwamba jirani akikaanga karanga unajua. Tulikuwa tunalima pamoja, tunafukia majani kwenye matuta ya duara pamoja, tunakunywa pombe ya kazi pamoja. Kosa letu, kama lilikuwa kosa, ni kwamba hatukuwa kando ya barabara.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na aliamini. Sisemi alilazimishwa. Alirudi kutoka mkutanoni uso unang'aa, akatueleza habari za zahanati, bomba la maji, shule yenye bati. Mama alimsikiliza huku anapepeta ulezi, halafu akauliza jambo moja.

"Na nyumba yangu?"

"Tutaibomoa vizuri, tofali moja moja," baba akasema. "Tutaijenga tena kule, na matao yake. Matofali hayaozi."

Mama akakubali kwa neno hilo. Ningependa ieleweke hivyo, kwa sababu baadaye walimwita mbishi. Hakupinga kuhama. Alichotaka ni matofali yake yawe nyumba tena, basi.

Baba akawa wa kwanza kupanda juu ya paa lake na kung'oa nyasi, ili wengine waone mfano. Waliochelewa walibomolewa na mgambo. Kwetu tuligonga udongo taratibu, tukalitoa kila tofali, na mama alikuwa analipokea na kulifuta kwa kitenge. Lipu ya ndani haikuvumilia. Mwekundu na mweupe wake ulianguka vipande vipande, na ndani ya kila kipande zilionekana tabaka za miaka yote aliyopaka, nyembamba, moja juu ya nyingine. Alizifagia mwenyewe. Lori lilituchukua na matofali yetu hadi barabarani.

Kijiji kipya kilikuwa kamba na vigingi. Kamba ilivutwa kutoka mwisho mmoja wa uwanda hadi mwingine, na kila mtu akapewa kiwanja kwenye kamba, mlango uangalie barabara. Nyumba zote ziwe za vyumba viwili, ukubwa mmoja, sura moja. Jua la jioni liliingia moja kwa moja milangoni, na upepo nao, kwa sababu aliyevuta kamba hakuwa na habari na upepo wa Ufipa. Baba alisimama kwenye kigingi chetu, akafumba jicho moja kama fundi anavyofanya. "Angalia mstari ulivyonyooka," akasema. Tukajenga kibanda cha miti na nyasi cha kujishikiza, matofali tukayapanga nyuma yake, tukayafunika nyasi. Masika yakiisha, tungejenga.

Masika hayakuisha kabla ya mkutano. Tuliitwa wote uwanjani. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole kwa kweli, alieleza kwamba mgeni mkubwa kutoka mkoani atatutembelea, na kijiji hakina ofisi ya kumpokelea. Akauliza nani ana wazo. Watu wakaangalia chini. Baba akanyoosha mkono.

"Ndugu mwenyekiti, mimi nina matofali ya kuchoma. Nayatoa kwa kijiji. Na kazi nitafanya mwenyewe."

Walipiga makofi. Mama alikuwa amekaa na wanawake wenzake, mimi pembeni yake, na alilisikia jambo lile pamoja na kijiji kizima, kama mpita njia. Hakupiga makofi. Mwanamke mmoja alimgusa bega kumpongeza, naye akavuta kitenge akajifunika mabega.

Nyumbani hakupaza sauti. Nilitamani apaze.

"Baba, yale matofali umeyafyatua lini?" mama akamuuliza.

"Tutafyatua mengine. Safari hii tutasaidiana."

"Nimekuuliza, umeyafyatua lini?"

Baba akasema mambo ya kujitolea, ya taifa, ya mtu kutojifikiria peke yake. Alikuwa anaongea vizuri. Mama alisubiri amalize, akasema, "Ungetoa cha kwako," akainuka kwenda kukoroga ugali. Tangu siku ile walizungumza yanayohusu chumvi, kuni na mtoto kuumwa, na si zaidi.

Ofisi ilijengwa kwenye mvua. Hapakuwa na saruji. Walitumia udongo wa kichuguu, ambao ni mzuri ukipewa muda wa kukauka, na muda hatukuwa nao. Mlango wa ofisi ungeweza kuwekewa gogo tu, na mwenyekiti alisema hivyo. Baba akakataa. Ofisi ya kwanza ya kijiji cha kwanza cha aina yake lazima iwe na tao. Alikwisha kuyapoteza matao matatu kwa mkono wake mwenyewe, nadhani alitaka walau moja limwangalie. Akapanga kiunzi, akalifunga tao, nasi tukaezeka nyasi chumba kilichokuwa nyuma yake.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, palikosekana mbao za jukwaa. Baba mwenyewe ndiye aliyesema zile za kiunzi zitatosha, waziondoe.

"Fundi, limekauka?" mwenyekiti akamuuliza.

"Tao langu halijawahi kuanguka."

Akanituma nyumbani. Nilijua natumwa nini. Nilimkuta mama anachambua maharage, nikamwambia baba anaomba kibuyu. Pombe ilikuwepo, ilikuwa chunguni pale pale nyuma ya mlango.

"Mwambie akanywe ya ofisini," mama akasema, na mikono yake haikuacha maharage.

Nilirudi nikamwambia baba kwamba hakuna. Watu walikuwa wamezunguka, wanaume na wanawake, na walijua kibuyu kinatakiwa. Wakasubiri. Baba akachekacheka, akasema mama kabanwa na kazi, akaingia chini ya tao mikono mitupu. Angeweza kuahirisha. Angeweza kutoka akasimama nasi pembeni. Lakini fundi kusimama mbali na tao lake mwenyewe, mbele ya kijiji, hilo kwake halikuwezekana. Vijana wakavuta mbao.

Lilikaa kidogo. Nakumbuka hivyo, lilikaa, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Kisha tofali la katikati likateleza, udongo mbichi ukafuata, na upande wote wa kushoto ukamwangukia baba kiunoni. Mlio haukuwa mkubwa. Baba alikaa chini kama mtu aliyechoka, na miguu yake ikawa imeelekea upande ambao si wake.

Lori la wale wafanyabiashara wa mjini, lililokuwa limeleta chumvi, ndilo lililompeleka hospitali. Mama alipanda naye nyuma, kichwa chake kwenye mapaja. Waliobaki walisafisha kifusi, wakaweka gogo juu ya mlango, wakapiga lipu, na kesho yake mgeni alipokelewa. Nilikuwepo, nilipangwa kwenye kwaya ya watoto wa shule. Mgeni alisifu moyo wa kujitolea wa wanakijiji. Alisimama kwenye jukwaa lile la mbao za kiunzi.

Siku chache tu zilitosha kwa kijiji kupata sababu. Hawakutaja mvua, wala udongo mbichi, wala haraka. Walisema mke hakupeleka kibuyu. Walisema kisimani, walisema kanisani kabla ya misa kuanza, walisema mbele yangu kana kwamba mimi ni mkungu wa ndizi. Watu waliofundishwa siasa kila wiki, waliokariri kwamba imani za kale zinarudisha maendeleo nyuma, walikubaliana bila mkutano kwamba tao la ofisi ya kijiji limeangushwa na mwanamke mwenye kinyongo. Mwenyekiti hakusema hivyo, lakini hakuwakanya pia. Ilimfaa. Kama kosa ni la mama, basi si la yeyote aliyekuwa na haraka.

Baba alirudi na magongo mawili. Nyonga haikuunga vizuri, na mwiko wa uashi hakuushika tena. Alikaa mlangoni pa kile kibanda cha kujishikiza, akiangalia barabara, na watu walimpitia kumsalimu, "Shikamoo fundi," naye anaitikia kwa furaha. Bado aliamini. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa. Mama alimwogesha, alimlisha, alilima peke yake shamba la nyumbani na zamu zao wote wawili kwenye shamba la kijiji. Alikwenda kwa mwenyekiti kuomba matofali yaliyobaki, yaliyokuwa yamepangwa nyuma ya ofisi bila kazi. Akajibiwa kwa upole kwamba yameshakuwa mali ya kijiji, na mtu mmoja hawezi kuyarudisha. Akaenda tena baada ya mavuno, akajibiwa vilevile.

Jioni moja ya baridi tulikuwa tunaota moto, sisi watatu, mdogo wangu amelala. Baba akasema, bila hasira, kama anayekumbusha jambo la kawaida, "Ungeniletea tu kile kibuyu."

Nilitegemea mama amwambie ya udongo, ya mvua, ya mbao, yote ambayo yeye baba aliyajua kuliko mtu yeyote duniani. Mama alisogeza kuni zikashika moto vizuri, akanyanyuka akaenda kulala. Nilimchukia baba usiku ule kwa namna ambayo sikujua mtoto anaruhusiwa.

Alikufa masika yaliyofuata, kwa kifua. Walikuja wote. Kwa kuwa alikuwa balozi na alikuwa mfano, kijiji kiliamua kumheshimu. Kabla ya kwenda makaburini, vijana walifika na mkokoteni umejaa matofali, wakausimamisha mbele ya kibanda chetu. Mwenyekiti akavua kofia, akatamka mbele ya waombolezaji kwamba kijiji, kwa kutambua mchango wa marehemu, kinatoa matofali ya kujengea kaburi lake. Watu wakaitikia kwa kichwa. Wakamwangalia mama, wakingoja shukrani.

Mama alikuwa amekaa mkekani, amejifunga kaniki. Alinyanyuka, akaenda kwenye mkokoteni, akachukua tofali moja akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ubavu wake.

"Asanteni," akasema. "Yashusheni hapa mlangoni."

"Mama, haya ni ya kaburi," mwenyekiti akasema.

"Kaburi ni lake. Matofali ni yangu."

Mwenyekiti akainama, akamwambia taratibu, akidhani ni uchungu wa msiba, kwamba watu wanatazama. Mama akamjibu kwa sauti ambayo hata wa nyuma walisikia. "Wakati anayatoa pia walitazama. Yashusheni."

Waliyashusha. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana na mjane siku ya maziko, na nafikiri wapo walioelewa, ingawa hawakuthubutu kuonekana wameelewa. Baba alizikwa kwenye udongo mtupu, na msalaba wa mti. Shangazi yangu, dada yake baba, hakumsalimu tena mama mpaka kufa kwake. Walisema hajapata kuonekana mwanamke wa roho ngumu kiasi kile, kumnyima mume mara mbili, kibuyu akiwa hai na matofali akiwa maiti.

Hayakutosha nyumba. Yalitosha ukuta mmoja, wa mbele, na fundi aliyetujengea hakuweka tao kwa sababu mama alimkataza. Kuta tatu zikabaki za miti na udongo. Upande wa ndani wa ukuta ule wa matofali mama alipaka mwekundu chini na mweupe juu, akapitisha mstari mweusi kwa kidole, na aliupaka kila mwaka hadi mikono ilipomkatalia.

Kaburi la baba halikudumu. Msalaba ulikwisha kwa mchwa, tuta likazama mvua hadi mvua, na makaburi mengine yakaongezeka kulizunguka bila mpangilio. Nikienda kwetu mwezi wa kumi na moja, mwezi wa marehemu, ninatembea kati ya matuta mawili yanayofanana, nikikisia lipi ni lake. Ninalo la kumwambia, nimelibeba tangu jioni ile ya moto. Mama sina ninachomlaumu. Baba ndiye niliyeshindwa kumsamehe, na kila nikifika pale sijui hata nisimame wapi nimwambie.